Miezi Ishirini Dukani kwa Vilas

Siku baba yake alipomjazia fomu ya mtihani, Ketaki alikuwa jikoni akimenya vitunguu. Ndivyo mambo yalivyokwenda nyumbani kwa akina Nimbalkar: karatasi yoyote yenye nafasi za kujaza ilipita kwanza mkononi mwa baba huyo, Digambar. Kwa miaka ishirini na sita Digambar alikuwa ameketi chini ya turubai nje ya ofisi ya wilaya mjini Sangli, akiwajazia wakulima na wajane maombi ya pensheni, vyeti vya kipato na vya makazi, zamani kwa kalamu na karatasi za stempu, siku hizi kwa kompyuta kuukuu na mashine ndogo ya kuchapia. Watu walisema fomu iliyojazwa na Digambar hairudishwi. Na yeye hakukana.

Fomu ya safari hii ilikuwa ya mtihani wa taifa wa kuingilia vyuo vya biashara. Ketaki alijisomea mwenyewe, kwa vitabu vilivyokwisha kutumiwa na wengine na kwa masomo ya bure ya kwenye simu, maana madarasa ya ziada ya jiji la Pune hayakuwa ya watu kama wao. Digambar alijaza jina, tarehe ya kuzaliwa, matokeo ya darasa la kumi, ya darasa la kumi na mbili, shahada ya biashara. Matokeo hayakuwa mabaya, lakini hayakuwa ya kumshtua mtu. Kisha akafika penye swali la uzoefu wa kazi: wapi, na miezi mingapi?

Hapo akatua.

Ukweli ulikuwa mwepesi kuueleza. Ketaki alipomaliza shahada, miezi kumi na minne ya kwanza alikaa nyumbani akimuuguza bibi yake, mama mzazi wa Digambar, ambaye kiharusi kilimlaza upande mmoja. Alimlisha, alimgeuza, alimwosha. Bibi alipofariki, Ketaki akaenda kushika vitabu vya hesabu katika duka la vipuri vya matrekta la mjomba wake Vilas. Huko alikuwa na miezi sita. Digambar alijua vyuo hutoa alama kidogo kwa uzoefu wa kazi, na kwamba hakuna chuo kinachotoa alama kwa kumgeuza bibi kitandani. Kumi na minne jumlisha sita ni ishirini. Akaandika ishirini.

Akampigia Vilas simu.

"Shemeji, nahitaji barua ya duka. Ketaki amekuwa kwako miezi ishirini."

"Ishirini? Mbona mimi nilidhani ni tangu juzi." Vilas alicheka. "Nikimwandikia miaka mitano utanipa nini?"

"Ishirini inatosha. Ukizidisha watashtuka."

Kusum, mkewe, alikuwa mlangoni na ungo wa mchele. "Baba Ketaki, umeandika nini hapo?"

"Kazi aliyofanya."

"Nimesikia ishirini."

"Nimetia chumvi kidogo. Kila fomu ina chumvi, Mama Ketaki. Unadhani hao watoto wa Pune wameandika ukweli mtupu?"

"Basi mwambie mwenyewe, ajue."

"Nimwambie aache kusoma alale akiwaza? Unamjua. Mtoto huyu hata akirudishiwa chenji zaidi sokoni hurudi mbio." Akainua sauti. "Ketaki, njoo utie saini."

Ketaki alikuja akifuta mikono, macho yamemwiva kwa vitunguu. Akasaini kwenye karatasi nyeupe ili baba yake aipige picha na kuipandisha pamoja na fomu.

"Umepitia yote, Baba?"

"Hii ni fomu yangu ya ngapi, mwanangu?"

Akatabasamu, akarudi jikoni. Digambar akabonyeza kitufe cha kutuma. Moyoni aliona amemchongea binti yake mkongojo, na hakuona ubaya wa kumpa mkongojo mtu unayedhani atachechemea.

Matokeo yalitoka mapema mwezi wa kwanza. Ketaki aliyasoma kwenye simu akiwa amesimama uani, akayasoma tena, kisha akampa mama yake simu. Tisini na tisa nukta sita moja. Maana yake, katika kila watahiniwa elfu moja, waliomtangulia hawakufika wanne.

Kusum alikaa chini palepale kwenye kizingiti akalia. Digambar alitoka na ndala mguu mmoja, mguu mwingine mtupu, akaenda hivyohivyo hadi kwa muuza vitamu wa pembeni, akarudi na maboksi mawili ya pedha za maziwa. Alizigawa mtaa mzima. Bi Sulochana wa nyumba ya pili alichukua tatu, akasema, "Tisini na tisa? Na ile nukta sita ni ya nini, ya kutuumiza macho?" Chini ya turubai, Bapu Kadam, mjaza fomu wa meza ya jirani, alimwambia, "Sasa wewe si mwenzetu. Utahamia Pune ukae kwenye baridi ya mashine, sisi tubaki na vumbi." Digambar alicheka mpaka akakohoa. Kwa siku tatu hakukumbuka hata mara moja kile alichokiandika.

Siku ya nne alikumbuka. Vyuo vitatu vilikuwa vimemwita Ketaki kwenye usaili, na kile kikubwa, ambacho alikuwa akikitaja tangu akiwa shuleni, kilitaka aje na vyeti vyote halisi, pamoja na barua ya mwajiri.

Digambar aliingia kwenye ukurasa wa mtihani. Muda wa kusahihisha fomu ulikuwa umefungwa tangu mwezi wa tisa. Palikuwa na anwani ya kuulizia maswali, basi. Aliitazama ile anwani muda mrefu.

"Waandikie," Kusum alimwambia. "Sema palikosewa."

"Mimi najua wanavyosoma barua za namna hiyo. Ukisema nilikosea, wanasoma nilidanganya."

"Si ndivyo ilivyokuwa?"

Digambar akaufunga ukurasa.

"Basi mwambie mtoto, Baba Ketaki. Asiingie mle ndani akiwa kipofu."

"Nitamwambia. Mwache kwanza afurahi."

Alipanga vyeti kwenye jalada, kimoja baada ya kingine kwa tarehe, kama alivyowapangia mamia ya watu. Barua ya Vilas, yenye muhuri wa duka uliopigwa mara mbili ili uonekane, aliiweka karibu na mwisho. Ketaki hakulifungua jalada lile. Kwa nini alifungue? Lilipangwa na baba yake.

Usaili ulikuwa Pune, katika ukumbi wa hoteli. Waliondoka kwa basi kabla jua halijachomoza, Kusum amewafungia mikate ya mtama na chatne ya karanga. Ketaki alisoma gazeti mpaka mji wa Karad, kisha akalikunja.

"Baba, niulize maswali. Jifanye wewe ndiye mkubwa wa jopo."

"Mimi? Mimi najua kuuliza jina la baba na jina la kijiji."

"Uliza chochote."

Digambar alikohoa, akanyoosha mgongo. "Haya, Bi Nimbalkar. Umewahi kufanya kazi wapi?"

"Katika duka la vipuri la mjomba wangu, mheshimiwa, kwa miezi sita, kabla sijaacha ili nijiandae na mtihani. Nilikuta madaftari manne yasiyosemezana, nikayafanya moja." Alisema vizuri, uso umemng'aa. "Na kabla ya hapo nilimuuguza bibi yangu. Nimefikiria nilieleze hilo bila kuona haya. Unaonaje?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kumwambia. Baadaye Digambar angepataja kwa jina, kwamba ilikuwa baada tu ya daraja la Karad, kiti cha nyuma yao kikiwa na mtoto anayelia, na kwamba alikuwa na saa tatu nzima mbele yake za kumweleza na kupanga naye la kusema. Ulimi ulikuwa umeshapata neno la kwanza. Lakini alimtazama usoni, akamwona yule msichana ambaye kwa mara ya kwanza maishani alikuwa akienda mahali huku akiwa na hakika, na akaona hawezi kuwa yeye wa kumwondolea hakika hiyo. Pengine hawatauliza. Wanaulizwa watu wangapi?

"Ya kazi usiyakalie sana," akasema. "Wapeleke kwenye hesabu. Huko ndiko kwako."

"Kwa nini?"

"Duka lenyewe dogo."

Ketaki akageukia dirishani. "Mimi silionei haya duka la Mjomba," akasema taratibu, na hawakuendelea na mazoezi.

Pale hotelini, mlinzi aliruhusu waombaji peke yao. Wazazi wakaonyeshwa ukuta wa upande wa pili wa barabara. Digambar alisimama kwenye kivuli chembamba pamoja na mzazi mmoja kutoka Nashik, bwana wa saa nzito mkononi, ambaye hakuchelewa kuuliza.

"Wa kwako ana ngapi?"

"Tisini na tisa nukta sita moja," Digambar alisema. Ilikuwa raha kuzisema mbele ya saa ile.

"Lo. Wangu tisini na nane na kidogo. Na hajawahi kufanya kazi hata siku moja, ametoka chuoni juzi." Akajifuta jasho. "Lakini hapa, bwana, alama zimeshamaliza kazi yake. Zimetuleta mpaka mlangoni. Mle ndani ni mtu mwenyewe na maneno yake."

"Maneno yake ni mazuri," Digambar alisema.

Ketaki alitoka kabla ya muda. Wengine walioingia pamoja naye walikuwa bado ndani. Alivuka barabara bila kuangalia magari, mtu wa pikipiki akamfokea, akakaa kwenye ukingo wa njia na jalada mapajani, kwenye vumbi, na ile nguo yake iliyopigwa pasi na mama yake.

"Baba, barua ya Mjomba inasema miezi ishirini."

Digambar alichuchumaa. Mzazi wa Nashik akasogea kidogo, kwa adabu, lakini si mbali sana.

"Waliniuliza mwaka wa kwanza dukani nilijifunza nini. Nikasema mwaka wa kwanza sikuwa dukani, nilikuwa namuuguza bibi. Yule mama aliyekaa katikati akaangalia karatasi, akaniangalia mimi. Akaniuliza tena polepole, kama mtu anayempa mwenzake nafasi. Nikajibu vilevile. Ndipo akanionyesha fomu." Akalipangusa jalada vumbi. "Akauliza, saini hii ni yako? Nikasema ni yangu."

"Ungewaambia mimi ndiye niliyejaza."

"Nina miaka ishirini na tatu, Baba. Niwaambie baba yangu alinijazia, na mimi sikusoma?"

Digambar alisimama akavuka barabara. Alimwambia mlinzi anataka kuonana na wakubwa dakika moja. Mlinzi akasema wazazi ni upande ule. Akasema yeye ndiye mwenye kosa. Mlinzi, ambaye hakuelewa kosa gani, akamwekea kiganja kifuani, si kwa nguvu, kama unavyozuia ng'ombe asiingie dukani. Kijana mmoja mwenye kitambulisho shingoni akatoka kuona kuna nini, akamsikiliza hadi mwisho, na hilo lilikuwa baya zaidi ya kufukuzwa.

"Nimekuelewa, mzee," alisema. "Lakini aliyesaini ni mwombaji. Chuo kinamjua yeye, hakikujui wewe."

Maneno hayo Digambar mwenyewe aliwahi kuwaambia wateja wake wengi, wale waliorudi wakilia na karatasi zilizokataliwa.

Ndani ya basi la kurudi, Ketaki alikaa kiti cha peke yake.

Jibu la chuo lilikuja baada ya wiki mbili. Maombi yake yamefutwa kwa kutoa taarifa zisizo za kweli, na haruhusiwi kuomba tena chuoni hapo kwa miaka mitatu. Vyuo viwili vilivyobaki vilikuwa havijamsaili, na fomu viliyokuwa nayo ilikuwa ileile. Ketaki alikaa na simu ili aviandikie ukweli.

"Hao hawajui lolote," Digambar alimsihi. "Nenda na barua mpya. Sema..."

"Niseme nini? Wanayo ishirini. Nikisema sita, ni kosa. Nikisema ishirini, ni mimi sasa ninayedanganya, si wewe tena."

Aliandika mistari minne. Chuo kimoja kilimshukuru kwa uwazi wake na kumwondoa kwenye orodha. Kingine hakikujibu, na siku ya kutangazwa majina, jina lake halikuwemo.

Mtaani habari haikuwa imefika. Jioni moja Bi Sulochana alisimama kwenye lango akauliza, "Msomi wetu anaondoka lini? Au zile pedha tulizila bure?"

"Mwaka huu ameamua kupumzika kidogo," Digambar alisema. "Unajua mambo ya vyuo, mpaka mtu achague..."

Ketaki alitoka ndani, ndoo mkononi. "Nimekataliwa, Shangazi. Fomu yangu ilikuwa na uongo ndani yake."

Bi Sulochana aliliachia lango. Ketaki hakusema uongo ule ulikuwa wa nani. Alimwagia maua maji, akarudi ndani, na tangu jioni ile Digambar hakuweza kumtazama jirani yake machoni, kwa sababu alijua mtaa mzima sasa ulimhesabu binti yake kuwa mwongo, naye binti alikuwa ameukubali mzigo huo bila kumwomba ampokee hata ncha moja.

Mwezi wa tano chuo kile kikubwa kilitangaza jedwali: uzito wa kila kitu kilichohesabiwa, na alama za mtu wa mwisho aliyepokelewa. Digambar alilichapisha pale chini ya turubai na kulirudisha nyumbani amelikunja mfukoni. Baada ya chai ya saa kumi alitwaa karatasi, akaanza. Mtihani, kiasi hiki. Darasa la kumi, kiasi hiki. La kumi na mbili. Shahada. Usaili alimpa alama za chini kabisa ambazo mtu aliyefika na kujibu angeweza kupewa. Kwenye uzoefu wa kazi, kwa miezi sita jedwali halikutoa kitu, kwa hiyo aliandika sufuri. Akajumlisha. Akarudia, maana hakuamini. Akarudia mara ya tatu kutoka chini kwenda juu, kama anavyokagua kipato cha mkulima mbishi.

Kusum alimkuta ameshika kalamu haiandiki.

"Unahesabu nini?"

"Angepita." Akaiweka kalamu chini. "Bila hata mwezi mmoja wa kazi, Mama Ketaki. Angemzidi wa mwisho kwa karibu alama mbili. Alama ulizompa mtihani peke yake zilitosha kubeba yote yaliyobaki."

Kusum aliitazama karatasi, ingawa hesabu zile hakuzifuata. "Usimwonyeshe," akasema.

"Unadhani hajapiga hesabu?"

Alikuwa ameshapiga. Wiki ileile jedwali lilipotoka, Ketaki alilipigia hesabu kichwani wakati anakanda unga, akalijua jibu, na akaendelea kukanda. Alimwambia hilo rafiki yake mmoja tu.

Chini ya turubai, Digambar alianza kuwasomea watu fomu zao kwa sauti kabla hawajaweka dole gumba. Wengi walichoka. Mwanamke mmoja aliyetaka ekari zake mbili ziandikwe moja alimsikiliza akikataa, akanyanyuka, akaenda meza ya Bapu Kadam, na mwezi uliofuata alipita akiwa amepata alichokitaka, akamsalimia Digambar kwa furaha bila kinyongo. Hakuna aliyemsifu kwa kusoma fomu kwa sauti. Hata yeye hakujisifu. Ilikuwa ni kama mtu anayefunga zizi asubuhi na ng'ombe wameshaondoka usiku.

Alama za mtihani ule zilidumu mwaka mmoja tu. Ketaki alisema hatafanya tena mwaka huo. Akili yake haikutaka kukaa na vitabu vile. Aliomba kazi ya hesabu katika ushirika wa maziwa huko Kolhapur. Alijaza fomu mwenyewe, akiwa amefunga mlango, na siku alipoitwa ndipo wazazi wake walipojua.

Asubuhi ya kuondoka mvua za mwezi wa saba zilikuwa zimeanza. Kusum alikuwa ndani akipanga vyakula visivyoweza kuenea kwenye begi. Digambar na Ketaki walikaa barazani na vikombe vya chai, wakisubiri mvua ipungue. Kwa miezi mitano walikuwa wameongea juu ya gesi, juu ya umeme, juu ya dawa za mama. Walikuwa na adabu kama wapangaji wawili.

"Baba."

"Naam."

"Siku ile unajaza. Kabla sijafanya mtihani. Ulidhani nitapata ngapi?"

Digambar aliishika chai yake kwa mikono miwili. Alilijua jibu ambalo lingemfurahisha, na lilikuwa tayari mdomoni, laini, limeshatiwa chumvi. Maisha yake yote alikuwa amewapa watu jibu la namna hiyo. Mvua ilipiga bati. Ndani Kusum alikuwa ameacha kupanga. Huenda alikuwa anasikiliza.

"Themanini," alisema. "Ukibahatika, themanini na tano."

Ketaki aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa karatasi aliyokuwa anajua itakuja. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alimaliza chai, akageuza kikombe juu ya kisahani, akasimama, akachukua begi kabla baba yake hajalifikia.

"Mimi nilijua ni tisini na tisa," alisema. "Ungeniuliza."